Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Mkulima

Mimi ni mwalimu wa muziki, na sijawahi kuona haya kwa kupenda nyimbo za Waingereza. Sisemi zile za redioni. Nasema nyimbo za wakulima wao wa zamani, watu waliolima kwa farasi na kuchunga kondoo kwenye baridi, wakaimba wakiwa kazini au jioni kilabuni. Baadaye walikuja watunzi wasomi, wakapita vijijini kwa baiskeli na madaftari, wakawaomba wazee wawaimbie. Waliyoyasikia wakayaandika, na waliporudi mjini wakazitungia nyimbo hizo muziki wa okestra nzima.

Muziki wa namna hiyo niliusikia mara ya kwanza chuoni. Mhadhiri aliweka kanda, nami nilikuwa nimeketi safu ya nyuma nikiwa na nia ya kusinzia. Kilikuwa kipande kimoja chenye nyimbo tatu. Wimbo wa pili ulikuwa wa polepole, vayolini moja ikienda peke yake na ala nyingine zikiifuata kwa mbali, na usingizi ukanitoka. Jioni ile nilikwenda maktaba nikatoa nakala ya kitabu kizima cha nota, kurasa zote. Nikajiambia kwamba siku moja nitakipiga na watu wa kwetu.

Ilichukua miaka ishirini na kitu. Leo nafundisha shule ya upili karibu na mji wa Wote, na Jumamosi naongoza okestra ya watu wazima. Tulianza watu sita katika darasa la shule. Tulipofika ishirini na wawili, kanisa moja lilitupa ukumbi wake. Vayolini zilikuwa nane, tatu kati yake zikishikwa na wauguzi wa hospitali. Tarumbeta na tromboni zilitoka bendi za makanisa. Selo ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu wa Kambu ambaye wakati mwingine alifika mazoezini akiwa bado na gambuti za kuogeshea ng'ombe. Besi kubwa hatukuwa nayo, kwa hiyo sehemu yake alipewa mtu wa tromboni, naye aliipuliza kwa adabu kubwa.

Nilipotangaza kwamba tutaandaa zile nyimbo tatu za Waingereza, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi, alinivuta kando.

"Mwalimu, kwani sisi hatuna nyimbo zetu?"

"Tunazo, na tutazipiga."

"Sasa hizi za wakulima wa Kizungu zinatuhusu nini?"

Nilichukua vayolini nikampigia wimbo wa tatu, ule wa mwisho. Kufikia mstari wa pili alikuwa ameanza kuimba kwa Kikamba, macho amefumba, kwa sababu kanisani kwao waliuimba karibu kila mwezi kutoka kitabu cha nyimbo. Wamishonari walikuwa wameuchukua wimbo wa walevi wa kijijini kwao wakautilia maneno ya wokovu. Nilimweleza hivyo.

"Hiyo ya walevi," akasema, "usiwaambie akina mama."

Akanipa ufunguo wa akiba.

Mzee mmoja wa Kitui alikuja mwezi wa pili wa mazoezi. Aliingia amevaa kofia ya kitambaa iliyotariziwa, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na fidla yake, yaani vayolini, ndani ya kisanduku cha mbao. Alipokifungua, fidla yenyewe ilikuwa imefungwa kwa leso. Alitusalimu kwa Kikamba, na Kikamba chake kilikuwa cha Kitui hasa, kizito na chenye utani, kiasi kwamba wauguzi walicheka kabla hajaketi. Kisha akaongea nami Kiswahili, na hicho kilikuwa cha pwani kabisa. Baba yake alikuwa ametoka Mombasa kuuza vitambaa Kitui na hakurudi tena kwao. Yeye alizaliwa Kitui, akarithi duka, na akarithi fidla, maana baba yake alikuwa mpigaji wa taarabu katika harusi. Mteja mmoja ndiye aliyemwambia kwamba Wote kuna watu wanaopiga fidla wakiwa wameketi kwa mistari kama wanafunzi.

"Nimekuja kuona," alisema.

"Unasoma nota, Mzee?"

"Sisomi. Nasikia."

Nilimweka kiti cha mwisho cha vayolini za pili, nikidhani atachoka. Jumamosi iliyofuata aliondoka Kitui alfajiri, akapitia Machakos, akafika Wote kabla yetu. Kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa ameshika vipande vyote vitatu kichwani. Hakushika sehemu yake peke yake. Alijua sehemu za kila mtu, na mara moja nilimsikia akimwimbia mtu wa tromboni mstari aliokuwa ameupoteza.

Shida ilikuwa namna alivyopiga. Nota ikiwa moja ndefu, yeye aliiingia kwa chini, akaipanda polepole, akaitikisa, akaiacha kwa kuizungusha kidogo. Pale walipoandikiwa wote kunyamaza, yeye alijibu. Mimi nilikuwa na sikio kali na sifa ya kuwa na sikio kali, na kila nilipoinua mkono kwa wimbo wa pili nilikuwa nikisubiri pale atakapokosea.

Jumamosi moja nilisimamisha okestra mara nne kwa ajili yake. Mara ya tano nikagonga kijiti changu cha kuongozea juu ya stendi.

"Mzee, piga kilichoandikwa."

"Mwanangu, mimi sikioni kilichoandikwa."

"Basi shusha fidla usikilize wenzako wanaokiona."

Alinitazama bila hasira. Alifuta uvumbi wa sandarusi ya kupakia upinde kwenye nyuzi, akaifunga fidla kwa leso, akafunga kisanduku, akainuka na kurudisha kiti chake ukutani pale tulipokuwa tukipanga viti.

"Tuombeane," akasema, na akatoka.

Tuliendelea. Nilihakikisha tunaendelea. Tulipiga wimbo wa pili mara tatu na ulikuwa sahihi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwishoni daktari wa mifugo alikuwa akiufungasha upinde wake taratibu.

"Umefurahi, Mwalimu?" akauliza.

"Umesikia mwenyewe. Hakuna kosa."

"Ni kweli," akasema. "Mimi nikimpima ng'ombe nikakuta hana kosa lolote na bado hali nyasi, huwa sirudi nyumbani."

Nilimwambia aache mifano ya ng'ombe. Lakini Jumamosi iliyofuata kile kiti kilibaki ukutani, na iliyofuata pia. Wauguzi wawili walitoa udhuru wa zamu, na sikuwaamini.

Katikati ya wiki niliketi mezani nyumbani na ile nakala yangu ya chuo, nikitafuta dawa. Niliamini kuna alama fulani ya mwendo au ya sauti ambayo sikuwa nimeifuata. Ndipo nikafungua kurasa za mwanzo kabisa, za maelezo ya mtunzi, ambazo kwa miaka yote hiyo nilizipita mbio kufikia nota. Kiingereza chake kilikuwa cha zamani, chenye sentensi ndefu. Alieleza kwamba wimbo wa pili aliupata kwa mzee kibarua wa shamba, asiyejua kusoma, aliyekuwa akilelewa katika nyumba ya kutunzia maskini. Alimwomba auimbe tena ili aandike vizuri. Mzee akauimba tena, na haukuwa sawa na wa kwanza. Akamwomba mara ya tatu, ukaja mwingine. Mtunzi anakiri kwamba alichagua namna moja kwa sababu karatasi haina nafasi ya zote, na kwamba anayeupiga asidhani amepewa wimbo wenyewe.

Nilikisoma kipande hicho mara mbili. Mimi si mtu wa kulia mezani. Nilifunga kitabu, nikampigia simu mwalimu mkuu nikaomba ruhusa ya Ijumaa, nikaenda Kitui.

Duka lake lilikuwa nyuma ya msikiti, duka jembamba lenye leso zilizoning'inizwa mpaka darini, mabuibui upande mmoja na mashuka ya kitanda upande mwingine. Alikuwa akimpimia mwanamke kitambaa cha pazia. Aliniona, akaendelea kupima. Alipomaliza akaniashiria kwa kidevu nikae kwenye benchi, akamhudumia mtu mwingine, na mwingine. Mkewe alinitolea kahawa na kaimati bila kuniuliza mimi ni nani. Nadhani alijua.

Wateja walipoisha nilisimama.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na tena nilikosea kuhusu muziki wenyewe."

"Hilo la pili ndilo zito," alisema. "La kwanza lilipita siku ileile. Kaa."

Nikamweleza habari za yule kibarua wa Uingereza asiyejua kusoma. Alisikiliza huku akikunja leso, akiunganisha pindo kwa pindo.

"Na wimbo unasema nini?" akauliza.

Nilishtuka. Tulikuwa tumeupiga zaidi ya miezi miwili na sikuwa nimemwambia mtu yeyote maneno yake, kwa sababu okestra haiimbi. Maneno yalikuwa yamechapishwa nyuma ya kitabu, na niliyakumbuka. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikiyapanga ninavyoweza. Ubeti wa kwanza, mkulima anaacha jembe la farasi katikati ya shamba, anaandikishwa jeshini. Ubeti wa pili, mke wake anasimama langoni anahesabu wanaorudi. Ubeti wa tatu, shamba linalimwa na mtu mwingine, na mke anampelekea huyo maji ya kunywa.

Aliacha kukunja.

"Huyo wa kwanza hakurudi?"

"Hakurudi."

"Basi mbona mnampigia mbio?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba mwendo umeandikwa, kwamba nina mashine ya kupimia mwendo, kwamba mimi nimesomea. Nikaufunga. Nilimtazama mtu ambaye baba yake alikuja kuuza vitambaa akazikwa Kitui, na nikajua kwamba ananiambia jambo la kitaalamu.

"Tuupige vipi?" nikauliza.

Alichukua fidla kutoka rafu ya juu, kati ya marobota ya vitambaa, akasimama pale pale nyuma ya kaunta. Akaupiga mara moja. Mwanamke aliyekuwa anaingia kuulizia bei ya shuka alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi, na hakuulizia bei mpaka alipomaliza.

"Nitarudi," akaniambia akishusha upinde. "Lakini nina sharti."

"Sema."

"Nikiwa napiga, usinipungie kile kijiti."

Tulicheka wote, mkewe kule nyuma akacheka kuliko sisi. Nikampa sehemu ya vayolini ya peke yake, ambayo mpaka siku ile nilikuwa nimejiwekea mwenyewe.

Onyesho tulilifanya mwezi wa nane, mchana wa Jumapili, katika ukumbi wa chuo cha ufundi hapo Wote. Walikuja watu wengi kuliko viti. Walikuja watu wa kanisa, wanafunzi wangu, maafisa wachache wa kaunti waliokaa karibu na mlango wapate kuondoka, na kutoka Kitui likaja basi dogo zima la jamaa zake mzee, akina mama wakiwa wamevaa vizuri kama wanaokwenda kuchukua bibi harusi. Mama yangu alitoka Kalamba na akina mama wa chama chake. Hajawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, na nilimweka mstari wa mbele aone.

Wimbo wa kwanza ulikwenda kwa kishindo na watu wakapiga makofi palipofaa na pasipofaa. Kisha nikamwita mzee asimame. Nikaweka kijiti juu ya stendi, mahali ambapo yeye na watu wote wangekiona, nikashusha mikono.

Alianza. Sitaeleza sauti, aliyekuwepo aliisikia. Nitaeleza nilichokiona. Maafisa wa mlangoni, waliokuwa wameshainuka kuondoka, walirudi wakakaa. Ubeti wa kwanza vayolini zilimfuata kwa chini kama tulivyofanya mazoezi, polepole sana, na wa pili klarineti zikaingia na kutoka mahali pake. Baada ya hapo kitabu kinasema fidla inyamaze na okestra nzima ichukue wimbo. Nilikuwa nimeshainua mkono wa kushoto kuwaita.

Hakunyamaza. Alivuta pumzi, nikaona mabega yake yakipanda, akaendelea.

Watu ishirini na wawili walinitazama mimi. Kurasa zao hazikuwa na kitu mahali pale. Katika kazi yangu kuna nyakati chache ambapo mtu anajua kabisa la kufanya, na huo ulikuwa mmoja. Nilimwonyesha daktari wa mifugo kiganja kilichofunguka, kwamba ashike nota moja ya chini asiiachie. Akaishika. Nikamwonyesha mtu wa tromboni hivyo hivyo, akaingia kwa sauti ndogo kiasi kwamba sikujua alianza lini. Halafu viola mbili, bila kuonyeshwa. Juu ya sauti hiyo moja mzee alitembea alivyotaka. Wimbo ulikuwa uleule na haukuwa uleule, ulikuwa umepinda pembeni, wenye vizingo vya harusi za Mombasa ya zamani, na kwa muda fulani nikasikia pia namna akina mama wa kwetu wanavyovuta mwisho wa mstari wakiimba. Alipofika mwisho alinigeukia akatikisa kichwa, yeye akiniruhusu mimi, nami nikaita okestra yote.

Tulipomaliza wimbo wa tatu, ambao nusu ya ukumbi waliuimba kwa Kikamba wakitushinda sauti, nilimfuata mzee nyuma ya pazia.

"Mzee! Ungetuua. Ile uliitoa wapi?"

Alikuwa akifunga fidla kwenye leso.

"Dukani uliniambia beti tatu," alisema. "Kwenye makaratasi yenu ziko mbili. Yule mwenye kupelekewa maji mmemwacha wapi?"

Alikuwa amesema kweli. Mtunzi alitumia beti mbili tu, na wa tatu akaufanya kishindo cha okestra. Ningeweza kumtetea, nina hoja zake zote. Siku hiyo sikuona haja.

Nje mama yangu alinishika mkono. Alikuwa amesimama kando ya ukuta akimtazama mzee akipeana salamu na jamaa zake.

"Huyo mwenye kofia," akaniuliza kwa Kikamba, "alifiwa na nani?"

"Hajafiwa, Mwaitu. Alikuwa anapiga wimbo wa mtu mwingine."

"Ii," akasema, kwa sauti ya mtu asiyekubali, na akaenda mwenyewe kumsalimia. Sikusikia waliongea nini. Walisimama pale muda mrefu, na basi la Kitui likapiga honi mara mbili.

Jumamosi iliyofuata nilifika ukumbini mapema nikamkuta mzee mlangoni. Alikuwa amenunua daftari la shule lenye mistari ya muziki na penseli mbili.

"Nifundishe hayo madoadoa yako," alisema.

"Mzee, wewe huyahitaji."

"Nani amesema nayahitaji? Nataka kujua mnaona nini mkiyatazama."

Nikamfundisha. Alikuwa mwanafunzi mbishi kuliko wote niliowahi kuwa nao. Aliuliza kwa nini nota nyeupe iwe ndefu kuliko nyeusi, na kwa nini hakuna alama ya kuingia kwa chini. Nilimwambia aibuni mwenyewe, na akaibuni, kimkia kidogo upande wa kushoto wa nota, na sasa vayolini zetu zote zinakitumia hicho kimkia. Nami, kila Jumamosi baada ya wengine kuondoka, naketi mbele yake na vayolini yangu bila karatasi, naye ananipigia mstari mmoja wa baba yake mpaka niupate. Siupati haraka. Ananiambia nina sikio zuri lakini lina haraka ya kumaliza.

Juzi tulikuwa tukipitia wimbo wa kwanza kwa ajili ya kwenda kuupiga Kitui. Mzee alikuwa na karatasi mbele yake, miwani puani, akifuata kwa kidole. Ghafla akainua upinde juu kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali, nikasimamisha okestra.

"Mwalimu, klarineti ya pili, mstari wa nne. Anapiga kilichoandikwa."

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Kilichoandikwa kimekosewa."

Nikaenda nikatazama. Nota ilikuwa imechapishwa mstari mmoja juu ya mahali pake, na tulikuwa tumeipiga hivyo mwaka mzima, mimi mwenye sikio kali nikiwa mbele. Nikamwomba penseli, nikairekebisha, nikaandika pembeni jina lake na siku.